Mbwa wa familia anayelinda na nyumba: namna ya kumchagua, hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale. "Nipate mbwa gani mkali ambaye hatawauma watoto?" "German Shepherd na Rottweiler, yupi bora?" "Kuna jamaa ananiuzia mtoto wa mbwa wa wiki nne, nichukue?" La tatu lina jibu fupi: usichukue. Mawili ya kwanza yanahitaji maelezo, maana anayeuliza huwa ameanza na jina la mbwa kabla ya kuitazama nyumba yake.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi na familia, mwenye geti au anayepanga kuweka, ambaye hajawahi kufuga mbwa au alifuga kwa mazoea ya kijijini, mbwa akijitafutia. Hauhusu mbwa wa kampuni za ulinzi. Wale wana mwongozaji, ratiba na kifunga mdomo. Wako atakuwa na watoto, dada wa kazi, fundi bomba na shangazi aliyekuja bila kupiga simu.

Uwe navyo kabla hujaanza kutafuta

- Uzio uliofungwa pande zote. Inama uangalie chini ya geti: panapopita kichwa cha mbwa, mwili nao utapita.
- Banda lisilovuja, lenye kivuli mchana na sakafu iliyoinuliwa kidogo. Aweze kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Liweke mahali anapoona geti na mlango wa nyumba kwa pamoja, si nyuma ya choo ambako hasikii kitu.
- Mtu mzima mmoja mwenye jukumu lake. "Wote tutamhudumia" maana yake ni kwamba siku ya tatu bakuli la maji litakuwa kavu.
- Hesabu ya mwezi. Mbwa wa kilo 30 hadi 40 hula takriban nusu kilo ya chakula kikavu cha dukani kwa siku, yaani karibu kilo 15 kwa mwezi. Ukimpikia, piga hesabu ya unga, dagaa na mkaa. Ongeza chanjo, dawa ya minyoo na dawa ya kupe.
- Namba ya daktari wa mifugo anayetibu mbwa. Si kila bwana mifugo wa kata anao uzoefu huo. Wengi wamezoea ng'ombe na kuku.
- Ridhaa ya wote wa nyumbani. Kama nyumba ni ya Waislamu, zungumzeni mapema. Wengi wetu wa madhehebu ya Shafi hufuga mbwa wa ulinzi nje, vyombo vyake mbali na vya jikoni, na chombo akikiramba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo linapangika vizuri likijulikana kabla. Likiibuka mbwa ameshafika, huleta ugomvi, na mbwa ndiye huumia.

Hatua ya 1: Andika kazi unayomtakia

Mbwa wa nyumbani anaweza kufanya kazi tatu: kutoa taarifa, kutisha, na kumzuia mtu kwa meno. Ziandike kwenye karatasi, uweke alama kwenye unayoihitaji kweli.

Mwizi wa kawaida wa mitaani, yule wa taa za gari, mtungi wa gesi na nguo kambani, anataka kimya. Mbwa anayebweka kwa wakati wake na kukuamsha amemharibia kazi, hata akiwa na kilo 15. Kazi ya tatu inahitaji mkufunzi, mazoezi yasiyokatika na mtu mzima awezaye kumdhibiti mbwa. Mtu akiumwa, hata aliyeingia kuchukua mpira wa mtoto wake, wewe ndiye utakayejibu. Kwa nyumba nyingi nasema wazi: tafuta mbwa wa kazi ya kwanza mwenye umbo la kufanya ya pili. Ya tatu waachie polisi.

Hatua ya 2: Ipime nyumba

Nyumba ya kupanga yenye ua mmoja na familia nne? Hapo mbwa mkubwa wa ulinzi hafai, kwa sababu hataweza kujua yupi wa ndani na yupi mgeni. Una mtoto chini ya miaka mitano? Epuka mbwa mzito anayeweza kumwangusha kwa kucheza tu. Nyote mnaondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku? Epuka mbwa anayehitaji shughuli nyingi, atachimba bustani na kula viatu.

Halafu joto. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa haziwafai mbwa wa manyoya mazito kama Husky, wala wa pua fupi kama Bulldog, ambao hupumua kwa shida hata wakiwa kivulini. Njombe, Arusha au Limuru una uhuru zaidi.

Hatua ya 3: Sasa chagua aina

*Mbwa wa kienyeji.* Watu humdharau kwa sababu wamemzoea akiwa na njaa jalalani. Mchukue mdogo, mlishe vizuri, mchanje, mfungie uzio, utaona mbwa mwingine kabisa. Manyoya mafupi, anavumilia joto, anakula kidogo, na masikio yake hayakosi kitu. Udhaifu wake ni kuzurura na umbo dogo. Kwa anayeanza, jike wa kienyeji au chotara wa kienyeji na German Shepherd ndiye ninayempendekeza kabla ya wengine wote.

*German Shepherd.* Ametengenezwa Ujerumani kuanzia mwaka 1899 kama mbwa wa kuchunga kondoo, na hiyo ndiyo tabia yake hadi leo: anataka kazi, anataka kujua kila mmoja yuko wapi. Dume hufika kilo 30 hadi 40. Anafundishika upesi na hushikamana sana na familia. Lakini anahitaji kutembezwa na kufundishwa kila siku, hupukutisha manyoya mwaka mzima, na uzao mbaya hupata matatizo ya nyonga. Ukiona mgongo umeteremka sana nyuma na miguu inayumba, pita.

*Rottweiler.* Jina limetoka mji wa Rottweil, ambako wachinjaji walimtumia kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni. Hubweka kidogo na huangalia sana. Dume huzidi kilo 50 bila taabu. Akilelewa vizuri ni mpole kwa watoto wake wa nyumbani. Akilelewa ovyo, hakuna mtu hapo nyumbani atakayemshika. Joto la pwani humchosha, kwa hiyo kivuli na maji si hiari.

*Boerboel* wa Afrika Kusini ni mbwa wa mashamba makubwa, na si mbwa wa kuanzia. *Malinois* anapendwa na polisi na majeshi kwa sababu hachoki, na kwa sababu hiyo hiyo atakuchosha wewe. *Ridgeback*, mwenye mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni, ana asili ya kusini mwa Afrika, ana manyoya mafupi na anafaa sana kwa hali yetu ya hewa. Shida ni kumpata wa kweli. *Labrador* atabweka, kisha atampokea mwizi kwa mkia. *Spitz* mdogo mweupe, anayependwa sana Nairobi, ni kengele tu, lakini kengele nzuri.

Hatua ya 4: Amua umri na jinsia

Mtoto wa mbwa asitoke kwa mama kabla ya wiki nane. Kati ya wiki ya nne na ya nane ndipo mama na ndugu zake wanapomfundisha kupima nguvu ya meno. Aliyetolewa mapema huuma kwa nguvu, na watoto wako ndio watakaolipa.

Mbwa mzima mwenye tabia inayojulikana ni chaguo zuri ambalo watu hulisahau. Shirika la ustawi wa wanyama kama KSPCA la Nairobi hutoa mbwa wazima kwa wanaotaka kuwalea, na wafugaji wengi huwa na mbwa wa mwaka mmoja au miwili aliyerudishwa kwa sababu mwenyewe amehama. Nenda umwone zaidi ya mara moja, uende na watoto.

Jike au dume? Jike huzurura kidogo na mara nyingi huwa makini zaidi na nyumba, lakini akiingia joto la kutaka dume, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, madume wa mtaa mzima watalala getini kwako. Dume anatisha zaidi kwa umbo na anakojolea kila nguzo. Yeyote utakayemchukua, kama huna mpango wa kuzalisha, mfunge kizazi au mhasi. Hataacha kulinda, uvumi huo upuuze.

Hatua ya 5: Mtafute muuzaji, umwone mama

Usinunue kwenye boksi barabarani. Wale watoto wanaouzwa kwenye foleni na mizunguko ya barabara hujui mama yao, wameshikwa na mikono mingi, na wengi wanatembea na parvo tayari, ugonjwa wa kuharisha damu unaoua watoto wa mbwa. Na yule "German Shepherd halisi, masikio yatasimama tu" akifika miezi sita masikio yamelala ndiyo yameamua.

Nenda nyumbani kwa muuzaji. Simama getini usikilize. Ninachokitafuta ni hiki: jike anabweka unapofika, mwenyewe anamwambia nyamaza, ananyamaza, anakuja kukunusa viatu na suruali, kisha anarudi kwa watoto wake jicho likiwa bado kwako. Huyo ameshafanya kazi unayoitaka mbele ya macho yako. Ukiambiwa "mama tumemfungia, ni mkali sana, hawezi kuona mgeni," shukuru na uondoke. Anayejificha nyuma ya pipa akitetemeka naye usimchukulie mtoto. Woga hurithiwa, na mbwa mwoga ndiye anayeuma watu bila onyo.

Karatasi za ukoo zina faida ukitaka kuzalisha. Afrika Mashariki zinazoeleweka ni za East Africa Kennel Club, chama cha wafugaji wa mbwa cha Nairobi. Ila karatasi haimwambii mtu kama mbwa ana moyo mzuri. Mama yake anakwambia.

Hatua ya 6: Mkague na umjaribu mtoto

Fika asubuhi kabla hawajala. Chuchumaa, usiite yeyote, ngoja dakika chache. Atakayerukia kila mtu na kuwakanyaga wenzake si "jasiri"; kwa anayeanza ni kazi kubwa. Aliyejikunyata pembeni mwache pia. Tazama wale wa katikati.

Angusha funguo kwenye saruji, hatua mbili kutoka kwao. Wote watashtuka. Unayemtaka ni yule anayeruka nyuma, anasimama, anageuza kichwa, kisha anarudi kuzinusa. Baadaye mpakate chali mikononi kwa muda mfupi: atapapatika, halafu atulie. Anayepiga kelele na kuuma bila kukoma, au anayelegea kama hayupo, arudi kwa mama.

Kisha mwili. Fizi ziwe za waridi; zikiwa nyeupe, ana minyoo au kupe wamemnyonya. Tumbo lililovimba kama mpira kwenye mwili mkondefu ni minyoo. Pitisha kidole kitovuni kama kuna uvimbe wa ngiri. Inua mkia: pasiwe na kinyesi kilichoganda. Nusa masikio. Panua vidole vya miguu utafute kupe. Mwisho mwache atembee kwenye sakafu ngumu, umtazame kwa nyuma.

*Tahadhari:* usimchukue mgonjwa kwa kumhurumia ukiwa na mbwa wengine nyumbani.

Hatua ya 7: Kadi ya chanjo kabla ya pesa

Omba kadi, uisome. Chanjo ya mchanganyiko, inayokinga parvo na distempa (ugonjwa mwingine hatari wa virusi vya mbwa), huanza wiki ya sita hadi ya nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afike wiki 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kadi ya kweli ina stika ya chupa ya chanjo, tarehe, sahihi na muhuri wa daktari. Yenye maandishi ya kalamu tu ihesabu kuwa hakuna, uanze upya. Ukitaka kupunguza gharama, uliza ofisi ya mifugo ya wilaya kuhusu kampeni za kila mwaka. Nyingi hufanyika karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Dawa ya minyoo: kila wiki mbili hadi miezi mitatu, kila mwezi hadi miezi sita, kisha kila miezi mitatu. Minyoo ya mbwa huingia kwa watoto wanaocheza mchangani, kwa hiyo hii ni kinga ya familia pia.

Hatua ya 8: Mzoeshe watu mapema

Hapa ndipo mbwa wengi huharibiwa. Kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya 14, ubongo wa mbwa unaandika nini ni cha kawaida duniani. Asichokiona kipindi hicho atakiogopa baadaye. Mwonyeshe mzee mwenye fimbo, mama aliyevaa baibui na nikabu, bodaboda mwenye helmeti, mtu aliyebeba ndoo kichwani, watoto wanaokimbia, msoma mita ya maji. Chanjo zikiwa hazijakamilika, mbebe mikononi. Usimshushe sokoni wala panapopita mbwa wa mtaa, kwa sababu parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi.

"Si atakuwa rafiki wa kila mtu?" Hapana. Anayewajua watu wa kawaida ndiye anayemtambua asiye wa kawaida: anayepanda ukuta saa nane usiku, anayechungulia dirishani. Aliyefichwa tangu utoto hubweka jani likianguka, nanyi mnamzoea, na siku mwizi akija hakuna anayeamka.

Mfundishe maneno manne ya nyumba nzima, yasibadilike kwa kila mtu: njoo, kaa, acha, nyamaza. Akibweka getini, nenda uangalie, mwambie vizuri, kisha nyamaza. Ulinzi wenyewe usiutarajie kabla hajakaribia mwaka, na mbwa wakubwa hukomaa kwenye mwaka na nusu au miwili. Wapige marufuku watoto kumchokoza kwa "mshike!" Siku moja atamshika mtoto wa jirani.

Hatua ya 9: Chakula, na nyama inayotupwa ukutani

Ugali mtupu haumjengi mbwa. Uchanganye na dagaa, utumbo au vichwa vya samaki vilivyopikwa. Mtoto ale mara tatu kwa siku hadi miezi sita, kisha mara mbili. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa sababu hupasuka kama sindano, wala vitunguu na chokoleti. Na lile dona lililovunda ambalo "watu hawawezi kula, mpe mbwa" lina sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Linaua ini lake kimyakimya.

Mzoeshe kula kwenye bakuli lake, baada ya neno lako, kutoka kwa watu wawili au watatu wa nyumbani. Wezi hutupa nyama yenye sumu ya wadudu wa shambani. Mafunzo hayazuii kila kitu, lakini mbwa anayekula chochote kilichoanguka ndiye wa kwanza kufa.

Makosa yanayorudiwa

Kumlisha pilipili, bangi au nyigu ili awe mkali. Pilipili inamuunguza tumbo, bangi inampumbaza, na nyigu ni nyigu. Ni ukatili pia, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Kumfunga mnyororo mchana kutwa. Mbwa wa mnyororo hawezi kukimbia, kwa hiyo hujifunza njia moja tu ya kujitetea. Wageni wakija, tumia banda lenye mlango.

Kumwogesha kwa dawa ya kupe ya ng'ombe iliyopimwa kwa macho. Nunua ya mbwa, kwa uzito wake, na unyunyizie pia nyufa za banda, maana kupe wa mbwa hujificha ukutani na kurudi kwake usiku.

Yakitokea haya

*Habweki kabisa.* Kama hajafika miezi minane, subiri. Kama ni mkubwa, jiulize kama alikuwa akipigwa kila akibweka. Msifu kila anapotoa sauti getini kwa sababu ya maana.

*Anabweka usiku kucha.* Angalia kwanza kama banda linavuja, ana kupe au ana njaa. Kisha ongeza matembezi ya jioni. Mbwa aliyechoka vizuri hubweka kwa sababu.

*Ananguruma mtoto akikaribia bakuli.* Usimpige, kunguruma ni onyo, na ukilinyamazisha atauma bila onyo. Mtoto asikae karibu naye akila. Mtu mzima apite na kumwongezea kipande kizuri, hadi aone anayekaribia analeta, haondoi.

*Anaharisha damu, anatapika, hataki kula.* Kwa mtoto wa mbwa hiyo ni parvo hadi daktari aseme vinginevyo. Mpeleke siku hiyo hiyo. Kinachomwokoa ni dripu, si maji ya mchele.

*Anatetemeka na kutoa mate mengi ghafla.* Huenda amekula sumu. Maziwa si dawa. Mpigie daktari ukiwa njiani, ubebe mabaki ya alichokula.

*Ameuma mtu.* Osha jeraha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku hiyo, hata kama mbwa ana kadi na jeraha ni dogo. Mbwa usimuue wala usimfukuze: mfungie, mwite daktari wa mifugo, na aangaliwe siku 10. Hospitali itahitaji kujua hali yake kila hatua ya sindano, kwa hiyo chukua namba za simu za wahudumu waliopo, ukawape habari wewe mwenyewe.